Wagonjwa Wetu ni Nani? Mwongozo wa Kuendesha Mtandao wa Vituo vya Afya Mwambao wa Tanganyika

Mjamzito anaanza kuvuja damu katika zahanati ya kijiji kimoja cha mwambao wa Uvinza. Muuguzi anaandika barua ya rufaa, watu wanatafuta boti, fedha za mafuta zinachangwa, na usiku wa manane chombo kinaondoka kuelekea kaskazini. Akifariki kabla ya kufika Maweni, hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Kigoma, kifo hicho ni cha nani? Zahanati ilitoa rufaa, na nakala ya barua ipo. Kituo cha afya kilicho njiani hakikumwona. Maweni ilimpokea akiwa tayari amekata roho. Madaftari yote matatu yako sahihi, na ndani yake hakuna hata mtu mmoja anayepaswa kujibu.

Marekani, nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote duniani katika tiba, ililiona tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Daktari wa mtaani, mtaalamu na hospitali walilipwa kila mmoja kwa kazi yake, na mgonjwa alipopotea katikati yao hakuna aliyepoteza chochote. Mwaka 2006 Elliott Fisher wa Dartmouth na wenzake wakaanza kueneza wazo la mashirika ya huduma yenye kuwajibika kwa pamoja. Sheria ya afya ya 2010 ikaliingiza wazo hilo katika Medicare, bima ya umma inayohudumia hasa wazee, na mwaka 2012 mashirika ya kwanza chini ya sheria hiyo yakaanza kazi. Madaktari na hospitali wanaungana, wanakabidhiwa watu wasiopungua 5,000, kisha wanapimwa wote kwa pamoja. Gharama zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa huku ubora ukibaki pale pale au ukipanda, wanapata mgawo wa kilichookolewa.

Tanzania haina sheria ya mashirika ya namna hiyo, lakini ina vipande vyake karibu vyote. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huenda moja kwa moja kwenye akaunti za benki za zahanati na vituo vya afya. Kuna kamati za usimamizi wa vituo zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na bodi ya huduma za afya katika kila halmashauri. Kuna uzoefu wa malipo kwa ufanisi, ulioanzia Kishapu mwaka 2015 ukaenea hadi mikoa minane, Kigoma ukiwamo. Kuna namba ya simu ya dharura ya wajawazito. Na kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Mwongozo huu ni kwa mganga mkuu wa halmashauri, mganga mfawidhi na mwenyekiti wa kamati anayetaka kuviunganisha vipande hivyo bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Anza na majina, si majengo

Zahanati kumi na mbili, vituo vya afya vitatu, hospitali moja: hiyo ni orodha ya mali. Mtandao unahitaji orodha ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika Mkoa wa Kigoma, waliogawanyika katika halmashauri nane, na atakayetaka kuwajibika kwa wote hao kwa mkupuo hatawajibika kwa yeyote. Chagua eneo moja ambalo wagonjwa wake hufuata njia moja ya rufaa. Vijiji vya mwambao wa Uvinza, kutoka Kalya na Buhingu kupanda hadi Ilagala, ni mfano mzuri: wanatumia ziwa moja, upepo mmoja, na safari zao za dharura huishia Maweni. Ujiji ni eneo jingine kabisa, la mjini, lenye watu wanaoweza kupanda bajaji wakaruka kituo chao cha afya na kwenda hospitali moja kwa moja. Kanuni za Buhingu hazitafaa Ujiji, na usijaribu kuzilazimisha.

Baada ya hapo, linganisha madaftari. Mwenyekiti wa kitongoji ana orodha ya wakazi. Kliniki ya baba, mama na mtoto ina rejesta yake, kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mfuko wa afya ya jamii una orodha ya kaya zilizojiandikisha, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana daftari lake la kutembelea nyumba. Orodha hizo hazitalingana kamwe, na hapo ndipo faida yake ilipo. Jina lililo kwa mwenyekiti lakini halipo kliniki ndilo la kufuatiliwa kwanza.

Ugumu halisi wa mwambao ni wavuvi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitawala, kazi hupungua, nyavu hushonwa, na vijana hubaki mwaloni au hurudi makwao. Fedha nazo hufuata mzunguko huo. Halmashauri hupanga siku za chanjo na upimaji kwa kalenda ya ofisini, kisha timu ikifika kambini inakuta wanaume wamelala baada ya kukesha ziwani, na ripoti inaandika kwamba jamii haina mwamko. Peleka huduma ya mkoba wakati wa mbalamwezi. Kusanya michango mara baada ya siku za giza, samaki wakishauzwa. Hatua hiyo haigharimu shilingi hata moja, na huenda ikaleta matokeo makubwa kuliko semina yoyote.

Mwaka 2024 ulitoa somo la ziada. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hilo ili samaki wazaliane. Kaya zilizotegemea mwalo ziliingia katika miezi mitatu ya ukata, na miezi hiyohiyo ndiyo mwaka mpya wa fedha unapoanza. Mtandao utakaoweka tarehe ya mwisho ya michango katikati ya Julai utapoteza wanachama kwa kosa la kalenda tu. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulitoza kaya ya watu wasiozidi sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilibebeka kwa familia ya mkulima wa Kalinzi mwenye kahawa, lakini hakikuwa na maana kwa kambi ya vijana kumi walio chini ya mwenye chombo mmoja, wasio kaya wala familia. Bima kwa wote itakutana na kambi hizo hizo. Mtandao ukae mapema na wenye vyombo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, ujue nani atalipia nani, kisha upeleke pendekezo hilo halmashauri likiwa tayari limekubaliwa na wahusika.

Kuna na wale ambao hawamo katika orodha yoyote. Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne, na mgonjwa anayetoka upande wa Kongo au Burundi haulizi mpaka uko wapi akiwa na homa. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji kaskazini kabisa mwa mwambao. Huduma za hapo zilikuwa zimepangwa kwa wanakijiji. Kipindupindu kikalipuka, wagonjwa wakapita 3,000, na MV Liemba, meli iliyotiwa maji Kigoma enzi za Wajerumani, ikafanya kazi ya kuwavusha watu kuelekea mjini, ambako safari ya kambi ya Nyarugusu ilianzia. Hakuna mtandao unaoweza kupanga bajeti ya tukio kama hilo. Unachoweza ni kuwa na safu ya wageni katika rejesta, ili dawa walizotumia zionekane kwenye maombi ya robo inayofuata na zisionekane kama upotevu. Mganga mfawidhi anayeogopa kuharibu takwimu zake ataanza kuwafukuza watu mlangoni. Mfumo mzuri haumpi sababu ya kufanya hivyo.

Nani akae mezani

Mwishoni mwa 2017 hospitali za rufaa za mikoa zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya. Maweni inajibu kwa wizara. Zahanati ya kijiji inajibu kwa mkurugenzi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Hospitali ya Kabanga, Kasulu, ni ya Kanisa Katoliki, na ile ya Heri, Buhigwe, ni ya Waadventista. Mgonjwa mmoja anaweza kupita katika serikali mbili na kanisa moja ndani ya siku mbili. Ndiyo maana makubaliano ya maandishi yanahitajika, na kurasa mbili zinatosha. Yaseme nani anapokea simu ya rufaa usiku, kwa jina la cheo na namba ya simu ya kazi, isiyo ya mtu binafsi. Yaseme nani anajaza mafuta ya boti na nani ya gari. Yaseme mgonjwa akitoka hospitali, taarifa yake inarudi kwa nani na ndani ya siku ngapi. Saini ziwe za mganga mkuu wa halmashauri, mganga mfawidhi wa Maweni na wenyeviti wa kamati, na nakala ibandikwe ukutani pale mapokezi.

Usisahau mwenye duka la dawa muhimu. Kwa watu wengi wa mwaloni huyo ndiye daktari wa kwanza, na mara nyingine wa mwisho. Akialikwa kwenye kikao cha robo mwaka na akapewa fomu za kuelekeza wagonjwa, mtandao unapata jicho kwenye homa na kuhara siku kadhaa kabla ya zahanati. Wataalamu wengine hununa wakimwona kwenye kiti. Wazoee.

Njia ya rufaa ndiyo kazi yenyewe

Mkoa wa Kigoma una mfano wake wa kujivunia, na inashangaza jinsi unavyotajwa mara chache hapa nchini kuliko ng'ambo. Kuanzia 2006 Bloomberg Philanthropies, pamoja na Wizara ya Afya na mashirika kama Thamini Uhai, waliuchagua mkoa huu kwa kazi ya kupunguza vifo vya uzazi. Wakati huo upasuaji wa kumtoa mtoto ulikuwa jambo la hospitali, na hospitali zilikuwa mbali. Mradi ukajenga na kukarabati vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya. Madaktari wasaidizi na wauguzi wakapewa mafunzo ya miezi mitatu, wengine ya upasuaji wa uzazi, wengine ya kutoa dawa ya usingizi. Pakawa na nyumba za kusubiria uzazi, zile ambazo Watanzania wengi huziita chigonela. Wanawake waliojifungulia katika vituo, ambao mwanzoni mwa muongo uliofuata walikuwa karibu nusu ya wote, walizidi robo tatu kufikia 2018.

Msomaji anayetafuta siri ya mafanikio hayo asiitafute katika vifaa. Vifaa vilipelekwa mikoa mingi. Tofauti ilikuwa kwamba chumba cha upasuaji, mtu mwenye ujuzi, damu, usafiri na mahali pa kulala mjamzito vilipangwa kama kitu kimoja, na vifo vikafuatiliwa kwa eneo zima. Kikikosekana kimoja, vinginevyo vinageuka majengo mazuri ya kupigia picha wageni.

Kwa hiyo fedha za kwanza za mtandao, hata kama ni kidogo, ziende kwenye maungio kati ya vituo. Namba 115 ya m-mama, mfumo ulioanza Kanda ya Ziwa na ambao serikali iliukubali mwaka 2022 kuenea nchi nzima, humpigia dereva aliye karibu wakati gari la wagonjwa halipo, na dereva hulipwa kwa safari. Barabarani unafanya kazi vizuri. Ziwani mtandao unahitaji kujiongeza. Tafuta wenye boti watatu au wanne katika kila mwalo mkubwa, si mmoja, kwa sababu mmoja atakuwa safarini siku utakayomhitaji. Kubaliana bei ya safari kabla ya dharura. Bei inayojadiliwa huku mama analia si bei. Mafuta ya safari moja yawekwe zahanati, chini ya kufuli, na mjumbe wa kamati akague kila wiki kwamba hayajaenda kwenye pikipiki ya mtu. Makoti ya kuokolea maisha, mawili kwa uchache, yakae pamoja nayo.

Boti nayo ina mpaka wake. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi hupanda, na kuna usiku ambao nahodha mwenye akili hatatoka, alipwe kiasi gani. Jibu la usiku huo hutolewa wiki tatu kabla. Mjamzito wa mbali mwenye kovu la upasuaji, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kutokwa damu sana ahamie nyumba ya kusubiria akiwa mwezi wa mwisho. Wengi hukataa, na sababu zao ni za maana: nani atapikia watoto, atakula nini huko, nani atalinda shamba. Kamati inayotoa wito wa uelimishaji bila kugusa chakula inajidanganya. Magunia machache ya mahindi na maharage kwa robo mwaka ni ya bei ndogo kuliko safari moja ya dharura.

Halafu kuna taarifa inayorudi. Muuguzi wa zahanati akimpeleka mgonjwa Maweni, mara nyingi husikia matokeo kutoka kwa ndugu, wiki kadhaa baadaye. Hivyo hajui kama alichelewa, kama alikosea au kama aliokoa maisha. Simu ya dakika mbili kutoka wodini, ndani ya saa 48, inatosha, nayo ni shughuli ya kuandikwa kwenye majukumu ya muuguzi wa zamu. Kifo cha mzazi kinatakiwa na miongozo ya nchi kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe. Kikao hicho kikifanyika hospitali peke yake, wa zahanati watahukumiwa wakiwa hawapo. Waite, walipiwe nauli, na swali la kwanza liwe saa: dalili ilianza lini, uamuzi ulifanywa lini, chombo kiliondoka lini, kisu kilianza lini.

Pima vichache

Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya kuwalipa wahudumu kwa matokeo. Watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifuatilia aina nane za huduma zilizolengwa. Mbili ndizo zilizopanda waziwazi: kujifungulia kituoni, kwa takribani asilimia nane, na wajawazito kupata dawa za kukinga malaria, kwa takribani asilimia kumi. Sita hazikutikisika sana. Rwanda nayo, iliyopeleka malipo hayo nchi nzima kuanzia 2006, ilipata ongezeko kubwa la wanaojifungulia kituoni, lakini idadi ya wanawake wanaokamilisha mahudhurio manne ya kliniki haikubadilika. Upande wa pili wa ziwa, Katanga ya Juu nchini Kongo, vituo vilivyolipwa kwa hesabu ya huduma vilihangaika zaidi kuwavuta watu, ila watu hawakuongezeka.

Mifano hiyo ina fundisho la kiutendaji. Malipo husogeza jambo ambalo mhudumu analimudu mwenyewe ndani ya kituo: kumpa mama vidonge akiwa mbele yake, kumshawishi abaki ajifungue. Hayasogezi jambo linalotegemea nauli, mume, mawimbi au duka la dawa tupu. Chagua viashiria vitano au sita, na angalau viwili viwe vya mtandao mzima wala si vya kituo kimoja. Muda kutoka simu ya rufaa hadi mgonjwa kupokelewa ni kimoja kizuri. Idadi ya wajawazito wenye hatari waliokuwa nyumba ya kusubiria kabla ya uchungu ni kingine. Chukua takwimu kutoka vitabu vya MTUHA vilivyopo, kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi kikiwa cha kwanza. Muuguzi mmoja anayehudumia zahanati peke yake hana nafasi ya daftari jipya la mtandao.

Na hakiki. Kila robo mwaka chagua majina ishirini kutoka rejesta, mpe mtu asiye wa kituo hicho aende vijijini kuuliza kama kweli walihudumiwa, na kama walitozwa kitu. Watu wa Kigoma ni wapole kwa wageni, hivyo mtumie mtu anayeongea Kiha, au Kiswahili cha Ujiji kwa Ujiji, la sivyo atapewa majibu ya adabu.

Dawa

Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa mgonjwa hoi na kukuta bidhaa alizoagiza zimeporwa, huku dawa zake zikiwa zimebaki Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Kwa miaka mingi dawa za Bohari ya Dawa (MSD) za Kigoma zilitoka kwenye ghala la kanda la Tabora. Reli imekuja, lami imekuja, na bado mganga mfawidhi wa mwambao anaweza kueleza kwa kirefu maana ya kusubiri mzigo.

Mtandao unaweza mambo mawili hapa. La kwanza ni kuhamisha dawa kati ya vituo. Zahanati moja ina dawa ya minyoo ya kujaza kabati, jirani yake haina oksitosini hata kichupa kimoja, na kila moja itatuma maombi yake kivyake. Ujumbe wa simu kila Ijumaa unaotaja dawa kumi muhimu na idadi iliyobaki unamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo, mradi uhamisho uandikwe pande zote mbili. La pili ni mshitiri. Utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kisha ukaenea nchini, unaruhusu vituo kununua kwa mzabuni aliyeteuliwa pale MSD inapokosa. Jihadhari na oksitosini, inayotaka baridi: anayesafiri nayo juani kwa saa nyingi bila kasha la barafu anapeleka maji.

Fedha, na hatari ya kuokoa

Hapa wazo la Marekani linahitaji kupinduliwa. Kule mgonjwa hupimwa mara tatu kwa kipimo kilekile, na kupunguza matumizi kunaweza kuwa fadhila. Mwambao wa Tanganyika mgonjwa hukosa kipimo hata kimoja. Mtandao ukiwaahidi wahudumu mgawo wa bakaa, utakuwa umewalipa kwa kutonunua dawa na kutotuma boti. Bakaa mwisho wa mwaka katika zahanati ya Kigoma ni jambo la kuulizia, si la kupongezwa. Vilivyo halali kuokolewa ni vichache: dawa zinazoisha muda, safari za dharura zilizoepukwa kwa kuhamia mapema, posho za semina.

Mgawo wenyewe umeshajaribiwa kwa njia mbili zilizopingana. Pwani, katika zahanati na vituo vya afya, robo tatu ya malipo ilienda kwa wahudumu na robo kwa kituo. Malipo kwa ufanisi yaliyofuata yaligeuza: robo kwa wahudumu, robo tatu kwa kituo. Njia ya pili ndiyo bora kwa mwambao, kwa sababu kituo kisicho na maji, taa na kitanda humvunja moyo mhudumu aliyepewa bahasha. Lakini robo hiyo ilipwe kwa wakati, na mgao wake usomwe kwa sauti mbele ya wote, mhudumu wa usafi akiwamo. Bonasi ya Septemba inayofika Machi haimkumbushi mtu yeyote alichokifanya.

Akaunti ya benki ni kikwazo kidogo kinachosimamisha mambo makubwa. Watia saini wa zahanati ya mbali hulazimika kusafiri hadi mjini, na mmoja akihamishwa fedha hulala miezi. Weka mtia saini wa akiba tangu mwanzo, na panga safari za benki ziende pamoja na zile za kuchukua dawa. Kamati isomewe taarifa ya benki yenyewe kila robo, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na muhtasari wa mganga mfawidhi, ambaye ndiye katibu wake na kwa hiyo ndiye anayeandika muhtasari wa mambo yanayomhusu yeye mwenyewe.

Kituo kinachoanguka

Serikali ilipoanza kuvipa vituo nyota mwaka 2015, takribani theluthi moja ya vilivyokaguliwa havikupata hata moja. Ukaguzi uliofuata, 2017/18, ulikuta vilivyobaki na sifuri ni vichache sana. Katikati ya kaguzi hizo kila kituo kilipewa mpango wa kurekebisha, wenye majina na tarehe, na hilo linafaa kuigwa kuliko nyota zenyewe.

Zahanati ikishindwa katika robo ya kwanza, isikatwe fedha. Ipelekewe muuguzi mkunga mzoefu kutoka Ujiji au Ilagala akae nayo wiki mbili, afanye kazi zamu kwa zamu na wenyeji, na aandike kilichokosekana. Robo ya pili kamati na timu ya afya ya halmashauri wakutane hapo hapo kijijini, si mjini, wapitie orodha hiyo na kutenganisha kilicho juu ya uwezo wa mfawidhi na kilicho chini yake. Robo ya tatu, kama yaliyo ndani ya uwezo wake bado yamelala, mkurugenzi ambadilishe. Utaratibu huo uwemo katika zile kurasa mbili tangu siku zinaposainiwa, ili mganga mfawidhi ausome akiwa bado anafanya vizuri, na asije kuambiwa baadaye kwamba ni chuki za mwenyekiti wa kamati.